Jirani Aliyeupa Uwanja Mgongo

Siku ya mchezo wa mwisho tuliokuwepo ni hawa. Mimi, Zuwena. Binti yangu Salha, aliyetupeleka kwa gari yake kisha akabaki garini nusu ya mchezo anazungumza na simu, maana kazi ya wizarani haimwachi hata siku ya mapumziko. Raiyan, mtoto wa Salha, aliyekuwa akisoma darasa moja na Hilal. Rose, Mganda, anayefanya kazi nyumbani kwa kina Hilal, kaja na kikapu cha maji na machungwa. Rodel, Mfilipino, mwalimu wa mchezo. Hilal mwenyewe, katikati ya uwanja, juu ya kile kituta cha mchanga anaposimama mrushaji. Na babake Hilal, jirani yetu wa ghorofa ya juu hapa mtaa wa Al Khuwair, nchi ya Waarabu, ambaye khasa ndiye nnayetaka kumueleza.

Walikuwepo na wazee wa watoto wengine, na majina yao nnayo, lakini hawa wanatosha.

Huyu Jirani jina lake nnalijua, na la babake, na la babu yake aliyekuwa na duka la vitambaa Unguja. Silitaji kwa sababu mwenyewe hapendi kutajwa mahali panaposemwa kheri yake. Kumsema kwa ubaya, ruhusa. Aliwahi kunambia, "Bi Zuwena, ukitaka kunisema, nisengenye." Sasa mimi hapa sikuja kumsengenya, kwa hiyo nitamwita Jirani, kama nnavyomwita mbele ya uso wake.

Nianze na ulimi wake, maana ndiko mambo yalikoanzia. Watoto wa watu aliwasifu bila ya ubakhili. Raiyan akipita kwenye ngazi na vitabu vyake, Jirani husema, "Mashaallah, daktari huyo anapita." Shafiq, mtoto wa mlinzi wa jengo letu, akiupiga mpira ukutani, Jirani huweka mizigo yake chini ili apate mikono ya kumpigia makofi. Lakini wa kwake, mgeni akimuulizia, jibu lake ni moja.

"Huyu? Huyu gogo langu. Analala mpaka adhuhuri, chai yenyewe hajui kupika."

Sisi watu wazima tunaelewa. Nilikuwa na binamu yangu, Ruqaya, mzuri wa sura hata watu wakisimama njiani kumtazama, na mpaka siku anaolewa bibi yetu alikuwa akimwita Kinyago. Ndo kumlinda huko. Jicho likisikia kinyago linapita, linakwenda kutafuta kizuri nyumba nyengine. Hilal alipokuwa mdogo alikuwa akicheka, anafungua mikono kama matawi, "Mimi gogo!" Alipofika miaka kumi na minne akawa anatabasamu tu. Alipofika kumi na sita, babake akisema gogo, yeye anaita lifti.

Msidhani Jirani ni mtu wa mambo ya kale. Kazi yake ni kompyuta, huko huko wizarani, na simu yangu ikikataa kunionyesha wajukuu walioko mbali, mganga wake ni yeye. Hirizi hataki kuiona. Aliikata moja shingoni mwa mtoto wa dadake Thuwaiba, mbele ya mashemeji, akasema hii shirki, na Thuwaiba hakupanda ngazi za nyumba ile mpaka Ramadhani. Wapiga ramli na wapunga pepo anawacheka. Ila jicho, anasema, hilo limo katika dini, halina mjadala. Na hilo analiogopa kama mtu anavyoogopa umeme, kitu hukioni, lakini kimewahi kukurusha.

Kilimrusha kwa Shadya, mkewe. Walikuwa kwenye arusi, Hilal bado anatambaa, na wanaume wamekaa kwa kahawa na halwa, mtu akamuuliza hali. Na yeye, ambaye si mtu wa kujisifu, siku ile sijui raha gani ilimjaa, akasema mbele ya kila mtu, "Wallahi mimi sina nnalolikosa." Mwaka haukwisha Shadya akawa chini ya ardhi kwa maradhi ya damu. Habari hii alinipa mwenyewe, tumesimama kwenye ngazi, lifti imeharibika, na mimi nimeshikilia ukuta napumua. Sikumbishia. Mtu aliyefiwa utambishia nini? Nilimwambia tu, "Jirani, siku zake zilifika." Akasema, "Zilifika, naam." Akanichukulia mfuko wangu mpaka mlangoni.

Baada ya hapo alimlea Hilal peke yake, hakuoa tena. Na alikuwa na mambo yake ya ajabu ajabu ambayo watu wa jengo tuliyazoea. Gari huiosha usiku wa kuamkia Ijumaa, kisha asubuhi huipitisha makusudi penye vumbi, isije ikang'ara. Samaki akinunua mkubwa humfunga kwenye gazeti, asionekane kwenye lifti. Akipika biriani, na anapika vizuri kuliko wanawake wengi nnaowajua, hutuletea sahani na neno lake, "Limeungua kidogo." Halijapata kuungua hata siku moja.

Sasa mchezo wenyewe. Unaitwa besiboli, mchezo wa Wamarekani, na hapa kwetu si mchezo wa watu wengi. Watoto wetu ni futboli. Lakini skuli waliyosoma Raiyan na Hilal ina watoto wa kila taifa, Wakorea, Wajapani, Wafilipino, na Rodel akawakusanya akawafundisha katika kiwanja kile cha changarawe nyuma ya skuli, chini ya milima. Mimi niliuelewa upesi kuliko Salha aliyesoma mpaka chuo kikuu. Niliuelewa kwa sababu nilicheza rede. Kwenye rede wawili wanarusha, mmoja yuko kati anakwepa. Huku anarusha mmoja, na aliye mbele yake kashika gongo. Akiupiga, anakimbia. Akikosa mara tatu anatoka, anaingia mwengine. Basi. Kazi ya mrushaji ni kumdanganya mwenye gongo, kumfanya apige hewa. Na Hilal alikuwa ndiye mrushaji.

Mwanzo Jirani alikuwa akitazama kama baba yeyote. Alisimama kwenye uzio wa waya, vidole vimo ndani ya matundu, kofia kaisukuma nyuma. Hilal wakati huo ana miaka kumi na tano, miguu imerefuka ghafla, mkono wenyewe kama kamba. Raiyan ananambia mwaka wa kwanza mipira yake ilikuwa inakwenda kila upande, mmoja ulimpata Rodel tumboni. Mwaka wa pili kitu kikakaa mahali pake, hata Rodel mwenyewe hajui nini. Siku moja walikuja watoto wa skuli nyengine, wakubwa, wana ndevu, na Hilal akawatoa mmoja baada ya mmoja, wanarudi wanatazama magongo yao kana kwamba yametobolewa.

Jioni ile nilikuwa mlangoni namsubiri mtu wa mikate. Jirani alipanda ngazi, hakungoja lifti, macho yanamwaka. Akanambia, "Bi Zuwena, yule mtoto hana mfano. Hana." Kisha nikamuona anaziba mdomo kwa kiganja. Akasema Mashaallah, akaikariri, akaikariri tena huku anapanda kwao, mpaka mlango ukafungwa.

Wiki ya pili yake kisugudi cha Hilal, pale unapokunjika mkono wa kurushia, kikavimba, mkono haukunjuki.

Daktari alisema mifupa ya mtoto bado michanga na karusha mno, apumzike. Jirani akafuata kila neno. Friza yao ikawa na barafu nyingi kuliko samaki, Rose akinung'unika kuku ataweka wapi. Dawa kwa saa, mazoezi ya mkono kila asubuhi, yote. Lakini nilipomwambia, "Umeona, ni kurusha tu kulikozidi," akanijibu, "Daktari kasema kilichotokea. Hakusema kwa nini kimetokea kwangu."

"Lakini ulisema Mashaallah, Jirani. Mimi shahidi."

"Nilisema baada. Moyo ulitangulia ulimi."

Mkono ulipona. Hilal akarudi uwanjani, miezi imepita. Na babake akarudi pamoja naye, na kiti cha kukunja alichokinunua sokoni Ruwi.

Mimi nilianza kwenda kwa sababu Salha hataki niachwe nyumbani peke yangu siku za mapumziko, na Raiyan hataki kukosa mchezo. Siku ya kwanza nimeshuka garini na sambusa zangu nikamuona Jirani kakaa kwenye kiti chake nje ya uzio, kanzu imenyooshwa, miguu imekunjwa, anatazama magari na milima. Uwanja uko nyuma yake.

"Jirani, umekaa kichogo."

"Nimekaa."

"Watoto wako huku."

"Najua waliko, Bi Zuwena."

Nikamkalia pembeni kwenye kiti cha Raiyan, mimi nimeelekea uwanjani yeye kaelekea magari, bega kwa bega, kama watu waliogombana kwenye kitanda. Mpira ukapigwa, watu wakapiga kelele. Nikaona mkono wake unashika goti.

Akauliza taratibu, "Macho yako mazima?"

"La mbali naliona. La karibu ndo taabu."

"Basi nambie. Lakini usinambie vizuri. Nambie tu."

Hilo likawa neno lake, na kazi yangu ikawa hiyo. Mimi bibi kizee niliyeacha skuli darasa la nne nikawa mtangazaji wa besiboli.

"Kapanda kwenye kituta. Anasugua mpira."

"Mkono upi?"

"Wa kulia anasugua, wa kushoto una lile liglovu la ngozi la kudakia. Mwenye gongo kasimama. Mnene. Sasa wanatazamana."

"Wanatazamana vipi?"

"Kama mawifi kwenye arusi."

Hapo alicheka, na alikuwa si mtu wa kucheka.

"Karusha. Mnene kapiga hewa."

"Mkono, Bi Zuwena. Baada ya kurusha mkono anaufanyaje?"

"Anaushusha. Hajaushika. Mzima."

"Haya."

Nilijifunza asichotaka. Nikisema "Loo," huinua kidole. Nikisema "kapendeza," huondoka akaenda kusimama kwenye gari. Nikawa nasema kama msoma taarifa ya khabari. Lakini kucheka kwangu, au pumzi ikinikatika, alikuwa akizisikia, na nafikiri alikuwa akizitaka.

Rose ilimchukua muda kuelewa. Siku moja aliniinamia sikioni, machungwa mkononi. "Mama, huyu baba ako na shida gani? Analeta mtoto, halafu anaangalia parking."

"Anaogopa jicho."

"Jicho ya nani?"

"Lake."

Akafikiri. "Kwetu wanaogopa ya majirani," akasema, akaenda kugawa machungwa.

Nilimuuliza Jirani mwenyewe jambo hilo, kwa sababu nyumbani anamtazama Hilal asubuhi na jioni, anakula naye, anamnyolea nywele za shingoni. Kwa nini kule jicho lisimdhuru? Akanambia, "Nyumbani namuona mtoto aliyetupa taulo bichi kitandani. Kule uwanjani namuona..." Akatafuta neno, hakulipata. "Kitu chenyewe hakinipi nafasi ya kusema Mashaallah. Kinanijia tu." Nikamwambia wako wazazi dunia nzima wanatazama watoto wao wanacheza, na watoto wazima. Akasema, "Wao si mimi." 

Wakati huo wote Hilal, kila kabla ya kurusha, kabla hajainua goti, alikuwa akigeuza uso kidogo upande wetu. Kidogo tu. Akaona alichokiona, akarusha.

Mwaka wao wa mwisho skuli, nilikutana naye kwenye lifti. Tuko wawili. Kawa mrefu hata nazungumza na kifungo cha kanzu yake. Akabonyeza kwetu, hakubonyeza kwao.

"Bibi, nna ombi."

"Sema, mwanangu."

"Mwambie Baba asije uwanjani. Heri asije kabisa kuliko kuja kunipa mgongo. Marafiki zangu wanauliza. Nimewaambia anaumwa shingo."

Lifti ikafunguka, tukasimama kwenye ukumbi. Mimi nikaona sasa hapa ni pa kusema, nisipolisema mimi atalisema nani? Nikamwambia, "Babako anakuogopea jicho. Toka ule mkono ulipovimba."

"Jicho la nani? Pale wapo Wakorea na Wajapani. Hawana khabari na mimi."

"Lake yeye."

Nikaona uso unabadilika, na si nilivyotaka ubadilike. "Yaani Baba ananihusudu?"

"Si husda, Hilal. Mapenzi. Mtu akipenda sana, jicho linakuwa zito."

"Bibi," akanambia kwa upole, maana ni mtoto wa adabu, "mkono uliumia kwa sababu nilirusha sana. Daktari kasema. Baba mwenyewe alikuwepo, akasikia." Kisha akasema, "Mchezo umebaki mmoja. Nikenda Malaysia kusoma sijui kama ntacheza tena. Nilikuwa nataka anione mara moja tu, nisimamapo pale. Basi."

Nikayachukua maneno yale yalivyo nikampelekea Jirani. Nilimkuta jikoni kwao kaweka chetezo juu ya meza, ubani unafuka, na juu ya moshi kashikilia glovu ya Hilal, anaigeuza huku na huku kama mtu anayeanika. Hiyo ilikuwa kazi yake kila Alkhamisi. Nikamwambia yote, mpaka la shingo.

Akaigeuza glovu.

"Akitaka nisije, sendi," akasema. "Lakini asinambie nimtazame. Mkono ule ndo umepona, Bi Zuwena. Mimi ntambariki kwa kitu gani, kwa kumvunja?"

"Anakwenda safari. Anataka umuone tu."

"Na mimi sitaki?"

Moshi ulikuwa umemwingia machoni, au ndivyo alivyotaka nifikirie. Nilikaa hapo, mikono mapajani. Mtoto nimemuelewa, baba nimemuelewa, na kumuelewa kila mmoja hakukunisaidia hata chembe. Rose akaja akafungua dirisha.

Basi ndo siku ile niliyoanza nayo. Jua la alasiri, upepo kidogo, milima imekuwa na rangi ya mdalasini. Jirani hakukataa kuja. Alikuja, akafungua kiti, akakaa vile vile. Mimi nikakaa pembeni yake vile vile. Raiyan alisimama kwenye uzio, kainua simu yake anapiga picha za video.

Mchezo ulikwenda sawa kwa sawa mpaka mwisho. Nilikuwa nikisema nnayoyaona. Kisha likatokea ambalo sikutaka kulisema. Hilal alirusha, akashusha mkono, na mkono wa kushoto, wenye glovu, ukaja ukagusa kisugudi. Ukagusa tu ukaondoka.

Nikanyamaza. Jirani akasikia kunyamaza kwangu.

"Kaushika?"

"Kaugusa."

"Kaushika au kaugusa, Bi Zuwena?"

"Kaugusa kama mtu anayepapasa funguo mfukoni."

Akasimama. Kiti kikaanguka. Nikadhani sasa anageuka, na Rose naye akadhani, nikamuona kaweka chungwa chini. Rodel alikwenda mpaka kwenye kituta akazungumza na Hilal, Hilal akatikisa kichwa, hataki kutoka, Rodel akarudi. Mtoto wa mwisho wa upande wa pili akaja na gongo. Kakosa mara moja. Kakosa mara ya pili. Uwanja mzima ukatulia, hata Salha akatoka garini, simu imeshuka.

Hilal akageuza uso upande wetu. Safari hii hakugeuza kidogo. Alisimama akatazama.

Nikamwambia, "Jirani, anakutazama."

Mabega yake yakapanda. Nilikuwa naweza kumshika nikamgeuza. Alikuwa karibu hivyo. Ningemgeuza, na mkono ule ukavunjika kwa uchanga wa mifupa tu, mtu yule angeishi vipi? Nikakaa. Midomo yake ilikuwa inakwenda, anasoma, jasho linamshuka nyuma ya sikio, macho kayafumba mbele ya milima kana kwamba na milima nayo ingemfikishia Hilal jicho lake.

"Bado anakutazama," nikasema.

Hakugeuka.

Hilal akainua goti. Karusha. Mwenye gongo akapiga hewa, akazunguka mpaka akakaa chini. Halafu kelele, na watoto wote wakamkimbilia, wakampanda, kile kituta kikawa hakionekani.

"Nini?" Jirani anauliza. "Nini, Bi Zuwena? Kelele za nini?"

"Kamtoa. Wamekwisha."

"Na mkono?"

"Kauinua juu. Yote miwili."

Akaokota kiti, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

Hilal alikuja kwenye magari, vumbi mpaka kwenye nyusi, begi begani. Kanibusu mkono, kampa Rose salamu. Akasimama mbele ya babake, uso kwa uso, maana babake alikuwa kaelekea huko huko kwenye magari. Jirani sasa akamtazama, maana Hilal alikuwa keshakuwa mtoto mwenye vumbi, si mrushaji.

"Umeona, Baba?"

Sisi tuliokuwa pale tulikuwa tayari kumsamehe uongo. Rose alikuwa akimtikisia kichwa, sema ndio, sema ndio. Lakini Jirani hasemi uongo, ila ule wa biriani.

"Nimeelezwa, mwanangu," akasema.

Hilal akatikisa kichwa pole pole. Akaenda akaweka begi nyuma ya gari, akaingia mbele, akavuta mkanda. Gari lilikuwa chafu, kama kawaida.

Alisafiri majira ya joto. Rose ananambia siku ya kufunga mizigo alimuuliza, "Hilal, hii glovu nikuwekee kwa begi?" akamjibu, "Khalas Rose, iache." Imebaki juu ya kabati la viatu. Huko aliko hachezi. Anapiga simu kila Ijumaa, anazungumza na babake, masomo, chakula, mvua. Mtoto mwema. Mchezo hautajwi. Na ubani wa Alkhamisi unaendelea, naunusa kwenye ngazi, glovu haina mkono ndani lakini anaifukiza.

Raiyan alimpelekea ile video. Alimwambia, "Ami, tazama, yote imo, mpaka ile ya mwisho." Jirani akairejesha simu bila ya kuibonyeza. "Picha yake na yeye mwenyewe, mbali wapi? Mtoto yuko ugenini, simrushii jicho."

Nilimuona mwezi uliopita. Sisi wa jengo moja tunaonana kila siku, lakini huku ndo nnakoita kuonana. Nilikuwa nimetoka Hamriya na Salha, kwa fundi wa nguo, na Salha akapita njia ya skuli kukwepa msongamano. Nikaliona gari la Jirani nje ya uzio. Nikamwambia Salha asimame.

Kiti kile kile. Lakini kimegeuzwa. Jirani kaelekea uwanjani, kofia kaisukuma nyuma, anatazama watoto wa watu wanafanya mazoezi na Rodel. Anatazama kwa macho yote mawili, wazi.

"Hawa naweza," akanambia kabla sijamuuliza. "Hawa si wangu."

Nikakaa chini kwenye ukingo wa njia, Salha akilalamika nguo yangu. Tukatazama pamoja, mara ya kwanza tumeelekea upande mmoja. Akanionyesha, "Yule mwembamba, unamuona? Anainua goti mpaka kifuani. Mashaallah." Ilimtoka wepesi kabisa, kama zamani kwa Shafiq.

Kisha akauliza, bila ya kugeuka, "Hilal alikuwa akiliinua hivyo?"

"Chini ya hapo. Mpaka kiunoni."

"La kushoto?"

"La kushoto."

"Na ile ya mwisho? Siku ile. Aliliinua vile vile, au juu zaidi?"

Nikafikiri. Nikafumba macho nikajaribu kumrejesha pale kwenye kituta, jua nyuma yake, vumbi. "Vile vile," nikasema.

"Nambie tena. Toka pale alipotazama huku."

Nikamwambia tena. Akawa anasikiliza huku anamtazama yule mwembamba, na nikajua anafanya nini, anamvisha mtoto wa watu maneno yangu apate kumuona wake. Nilipomaliza akauliza, "Na uso? Alipotazama huku, uso ulikuwaje?" Nikamwambia ulikuwa umetulia. Akasema, "Umetulia." Salha akapiga honi.

Usiku wake sikulala vizuri. Goti lilikuwa la kushoto, kweli? Mtu wa mkono wa kulia huinua lipi? Na uso, jua lilikuwa nyuma yake, mimi uso niliuonaje? Majina sisahau, Mungu kanijaalia, lakini majina si magoti.

Kwa hiyo nakuombeni. Kama ulikuwepo siku ile, wewe Rodel, au mmoja wa wale wazee waliosimama kwenye uzio, au ulikuwa ndiye yule mtoto uliyepiga hewa ukakaa chini, na ukaona hapa nimekosea goti, au mkono, au alitazama muda gani, usinionee haya kwa uzee wangu. Njoo Al Khuwair, uliza kwa Bi Zuwena, unisahihishe. Si kwa ajili yangu. Yule bwana hana pengine pa kumuona mwanawe ila kwangu, na kesho atapita mlangoni aniulize tena.